Sifa Zinazomfaa Kila Msichana

Mwaka jana kijana mmoja, fundi wa pikipiki pale Kondele, mjini Kisumu, aliniomba nimwandikie shairi la kumtumia mpenzi wake. "Mwalimu, Kiswahili chako ni kizito. Mimi nikishatoa salamu naishiwa." Akanitumia shilingi 300 kwa simu. Nikamtungia beti tatu za haraka, zikianza hivi:

Macho yako kama nyota, yaniwakia moyoni

Mizani (silabi) 16, nane kila kipande, hakuna pa kunishika. Binti alisoma akajibu kwa swali moja: "Hii umeshatumia wangapi?"

Na hakukosea. Mshororo ule ninao tangu bwenini, nilipokuwa nikiwaandikia wenzangu barua za mapenzi kwa malipo ya nusu mkate. Umeshapitia kwa wasichana wasiopungua sita, na macho ya hata mmoja wao sikuwahi kuyaona. Sisi watunzi tuna kisingizio chetu, vina. Ukishaamua kina cha mwisho kiwe "ni", mkono unajiendea wenyewe: moyoni, peponi, ua la bustanini. Kina kinakuchagulia sifa kabla hujamtazama anayesifiwa.

Wengi hulaumu chumvi. Mimi chumvi sina ugomvi nayo. Kaa kwenye pakruok, kusifiana kwa Waluo kwenye muziki, usiku mmoja uone inavyomwagwa: mpiga nyatiti yuko kwenye nyuzi zake nane, mtu anainuka na noti mkononi, muziki unasimama, naye anamsifu mpenzi wake (au anajisifu mwenyewe, tena bila haya) kwa mafumbo mazito mazito, kisha nyuzi zinaendelea. Kila aliyeketi pale anajua pesa imetoka na sifa zimevuka mpaka. Hakuna aliyedanganywa. Lakini fumbo likimgusa huyu anayetajwa, tabia yake, watu wa kwao, meza zinagongwa. Likiwa la jumla, watu wanarudi kwenye chupa zao.

Shakespeare naye alizichoka nyota na jua. Katika soneti yake ya 130, iliyochapishwa mwaka 1609, anasema macho ya mpenzi wake hayafanani na jua hata kidogo, nywele zake ni nyaya nyeusi, na pumzi yake hainukii kama manukato. Walimu wa fasihi huliita shairi la ukweli. Mimi namwona mjanja tu, maana anamaliza kwa kuapa kwamba mpenzi wake ni adimu sawa na wote waliopambwa kwa mifano ya uongo. Ukimsikia anayeanza kwa kusema "mimi sina maneno matamu", shika mfuko wako. Ila angalau mtu wake unamwona: anatembea kwa kukanyaga ardhi, siyo kuelea kama malaika.

Baada ya wiki mbili fundi alirudi. Nilidhani anadai pesa zake, kumbe anataka shairi jingine. Safari hii nikamuuliza kwanza, huyu binti akikaa mbele yako unaona nini? Alijikuna kichwa kwa kidole chenye oili. Akasema akimpeleka Dunga, ufukweni mwa ziwa, kula samaki aina ya ngege, binti anaanza na kichwa. "Anafyonza mpaka jicho, Mwalimu. Hazungumzi na mtu. Mimi naachiwa mkia." Na alipokuwa akisema hivyo uso wake wote ulikuwa unacheka.

Nikafuta yote niliyokuwa nimeandaa, nikaanza na hili:

Kichwa cha ngege wafyonza, miiba tupu sahani

Mizani 16 vilevile. Nikakamilisha ubeti mmoja, mishororo minne, nikamtumia. Jioni akanipigia simu. Binti alikuwa amemrudishia ujumbe wa sauti, karibu wote kicheko, na mwishoni anauliza, "Kwani siku zote hizo ulikuwa unaniangalia?"

Malipo yakaingia baadaye: shilingi 225. Nilipouliza mbona pungufu, aliniambia mishororo mitatu ni yangu, ila ule wa ngege ni wake.