Aliyepitisha habari naye aulizwe

Muuza dagaa mmoja wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, aliwahi kunionyesha habari gazetini, akacheka. Mvuvi "aliyeomba jina lake lihifadhiwe" alisimulia dagaa walivyofurika kwenye taa zao, usiku wa mbalamwezi nyeupe pee. "Huyu ni mvuvi wa ziwa gani?" akaniuliza. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, maana taa haiwavuti tena. Mhariri wa Dar es Salaam huenda halijui hilo. Namba ya simu ya huyo mvuvi, hata hivyo, angeweza kuiomba.

Wapo wanaotaka rungu la serikali liwashukie wanaopika habari za namna hii, na hoja yao si ya kubeza. Kanda ya Ziwa tumezika watu wenye ualbino waliouawa kwa ushirikina. Habari ya kupikwa kuhusu mganga au mteka watoto inaweza kumtoa mtu roho kabla haijakanushwa. Sema rungu halichagui. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na 2022 serikali yenyewe ikayafungulia magazeti manne iliyokuwa imeyafungia. Gazeti likifungwa, mpishi wa habari na mchuuzi wa magazeti wanalala njaa sawasawa.

Basi vyumba vya habari vijisimamie? Naegemea huko, kwa mashaka. Jarida la Der Spiegel la Ujerumani lina idara kubwa ya kuhakiki, lakini mwandishi wake Claas Relotius alilipikia habari kwa miaka hadi 2018. Aliyemnasa ni mwenzake, Juan Moreno, ambaye mwanzoni hakuaminiwa. Alikwenda mwenyewe Marekani kuwatafuta waliotajwa, wakamwambia hawajawahi kumwona Relotius.

Kwetu nani atakwenda? Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari iliyotoka, akipanda kivuko kwenda Ukerewe na kulala usiku mmoja, huenda malipo yote yakaishia njiani. Anayetunga akiwa Nyamagana, mjini Mwanza, hana gharama hiyo. Simtetei, ila aliyepanga malipo hayo naye ana lake la kujibu.

Ndiyo maana ningetaka masahihisho yachapwe ukurasa uleule wa kosa, yakiwa na jina la mwandishi na la mhariri aliyepitisha. Yale ya mvuvi wa mbalamwezi niliyasubiri wiki mbili nzima. Hayakutoka.