Kutojua ni nusu tu ya tatizo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wageni wanaoshuka na treni kutoka Kasai kuja hapa Lubumbashi, Kongo, hawaendi hospitali kwa sababu hawajui huduma zilizopo. Sawa, lakini katika vituo vingi vya afya vya mitaani unalipa kwanza pesa ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa, ndipo unaulizwa unaumwa nini. Mtu amefika juzi, analala kwa shemeji, anabeba mizigo sokoni, ataitoa wapi? Anaishia kununua vidonge viwili vitatu barabarani.

Halafu lugha. Katika kituo kimoja huku mtaa wa Katuba nilimkuta mama anayesema Chiluba tu, lugha ya huko Kasai, mtoto wake wa shule ya msingi ndiye anamtafsiria kwa muuguzi. Chiluba nakisikia. Alipofika kwenye habari za kutokwa damu alisita, akamwambia mtoto aseme ni kichwa tu. Akaandikiwa parasetamoli, akaenda zake. Na mji huu una wauguzi tele wanaojua Chiluba, ila siku ile zamu ilikuwa ya mwingine.

Ninapokubaliana na mwandishi ni hapa: wengi hawajui kwamba chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na za VVU ni bure. Mtu anakohoa miezi akiogopa bili. (Wenyeji pia, tusijidanganye.) Wale reko, wahamasishaji wa afya wa mtaani, wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio wangeyasema hayo kwa Kiswahili na Chiluba, tena waanzie stesheni. Bango la Kifaransa ukutani linamsomea nani?