Bomu la Mwanga–Ujiji

Noah yangu kila sabufa ikigonga DUM taa za mbele zinafifia, DUM zinafifia, yaani ukikutana na mimi usiku unadhani nakuomba njia. Shemeji yangu wa Ujiji akaniazima kapasita yake, dude limenenepa kama chupa ya chai, farad 1, juu lina kioo cha namba nyekundu zinazosoma volti. Fundi wa pale Mwanga akalifunga karibu na amplifaya, taa bado zinafifia. Akapima alternata akacheka.

"Mkubwa, hii inaweka akiba ya kufumba na kufumbua tu, mdundo ukija inautolea, ila na yenyewe inalishwa na alternata, na alternata yako ndo imechoka."

Haya, fungua nimrudishie mwenyewe.

Sasa kapasita ukiitoa unatakiwa uinyonye umeme kwanza, unaipachika balbu ya breki mpaka balbu izime yenyewe, lakini fundi ana wateja kibao, akaikata hivyo hivyo imejaa, na ule waya mwembamba wa kuwashia kioo alikuwa kaunga hapo hapo kwenye chanya, kwa hiyo kioo kinaendelea kuwaka huku kinaumaliza umeme wa ndani taratibu. Nani aliniambia? Nikatumbukiza kwenye kiroba, daladala ya Ujiji ndo inaondoka, nikadandia.

Nimekaa na mama mmoja kapakata beseni la dagaa wa Kibirizi. Akachungulia kirobani. 11.8. 11.7. 11.6.

"Baba, hii inahesabu nini?"

Sijafungua mdomo, wa siti ya nyuma kashadakia, "BOMUUU!" Weee! Watu wanatokea madirishani, dagaa wamemwagika mpaka ndani ya kola yangu, dereva kaliacha gari linaunguruma yeye keshafika ng'ambo ya barabara, na namba huku 10.9, mi napiga kelele jamani hiki kitu cha mziki, nani akusikie.

Akabaki konda. Akachomoa spana yake ya kubania mlango, akainama, akaigusisha vichwa vyote viwili vya kapasita, chanya na hasi, kwa mpigo. PAAA! Cheche za bluu, spana ikaruka chini ya siti, namba zikazima.

Kimya kidogo, halafu vigelegele, konda kategua bomu! Babu mmoja kamshika mkono hamwachii, anamuuliza jeshi aliacha lini. Mimi nikakabidhiwa beseni tupu na bei ya dagaa, na shemeji mpaka kesho ananiuliza kapasita yake imeungulia wapi.