Posho ya mwanafunzi si takrima

Mwaka 2025 Marekani ilianza kusitisha ruzuku za Taasisi za Taifa za Afya zilizokuwa zikiwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka jamii zenye uwakilishi mdogo ili wajifunze utafiti, ukiwemo wa afya ya akili, na wapo wanaoziita upendeleo. Naomba kutofautiana nao. Mwanafunzi anayepakia mizigo ghalani usiku ili alipe kodi ya chumba hawezi kujitolea bure maabarani, na bila uzoefu huo ni vigumu mno kupokelewa katika masomo ya uzamivu ya saikolojia.

Nimewahi kuwa mkalimani katika utafiti wa sonona miongoni mwa wakimbizi wa Kongo, ambapo dodoso lilimuuliza mama mmoja kama “hujisikia yuko chini”, tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza “feeling down”, yaani kuwa na huzuni. Alitazama sakafu, kisha akajibu kwa upole kwamba yeye hukaa kitini. Aliyeling’amua kosa hakuwa profesa, bali binti wa mwaka wa tatu aliyekulia katika Kiswahili cha Bukavu, akapendekeza tuulize habari za mawazo mengi na usingizi. Binti huyo alikuwa akilipwa kwa ruzuku ya aina hiyo hiyo.