Ati Tuchome Taka Tupate Umeme!

Gari la taka halijapita, hii wiki ya pili. Mkusanya ada yeye kapita na kitabu chake cha risiti. Huyo hakosei tarehe.

Sasa watu wazima tumekaa kwenye benchi la kahawa kwa heshima zetu, viroba vinachuruzika pembeni, anatokea mtaalamu. Kila kijiwe kina wake. Huyu kaona video ya Copenhagen, jiko la taka la Amager Bakke: juu watu wanateleza kwa skii, chini taka zinatoa umeme na joto la kupasha nyumba. "Tujenge letu pale dampo la Dar, Pugu Kinyamwezi! Huo ndio uchumi wa mzunguko!"

Haya, tufungue kiroba. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi, tikiti, ugali uliolala, na mchanga wa kufagia uwanja. Zaidi ya nusu ni maji. Taka ili ijiunguze yenyewe inatakiwa ibebe joto la kama megajuli 7 kwa kilo, na kila lita ya maji inameza zaidi ya 2 kugeuka mvuke tu. Hapo huchomi, unachemsha mchuzi. Jiko litadai dizeli, nawe utanunua mafuta ili uuze umeme.

"Si tunaongeza plastiki?" Plastiki ipi, kaka? Chupa zimeondoka alfajiri na mwokota makopo. Maboksi kabeba mwenzake. Ndoo iliyopasuka inaenda kusagwa irudi kuwa beseni. Uchumi wa mzunguko ndio huo, umevaa ndala! Kinachowaka vizuri ndicho hichohicho kinachouzika. Ukikichoma unapata joto mara moja tu, mchezo umekwisha. Hata Ulaya kwenyewe, kuchoma kwa nishati kunakuja baada ya kupunguza, kutumia tena na kurejeleza. Chini yake ni kutupa tu. Hao Wadenmark waliagiza taka nje ili majiko yao yashibe, na 2020 wakaamua kupunguza uwezo wake kwa asilimia 30 ifikapo 2030.

Hatujafika kwenye moshi. Gesi ikae nyuzi 850 kwa sekunde 2 angalau, la sivyo dioksini, sumu kali ya moshi wa taka, inapona. Taka mbichi ikiingia, joto linashuka, ndiyo sababu ya ile dizeli. Halafu chokaa ya kuua asidi, unga wa mkaa maalumu wa kunasa dioksini na zebaki, na vichujio vya mifuko, vinavyotoboka. Tani moja ikishaungua inaacha kilo 200 hadi 250 za majivu chini, na kama 20 hadi 30 za vumbi lenye sumu linalotaka shimo lake lililotandikwa vizuri. Kwa hiyo dampo bado unalo. Mtaalamu akachungulia kikombe.

Sikatai, jiko lina kazi: sindano za hospitali, vifuko vya matabaka visivyorejelezeka. Pampasi pia, ingawa nazo zimelowa! Lakini kwanza maganda yapate ndoo yake, yawe mboji. Ndoo mbili tu, na watu wanakasirika kama umewaomba figo.

Jirani yeye hahitaji semina. Saa moja jioni anawasha lake nyuma ya choo, kiberiti na gunia, bila kichujio, na upepo unajua dirisha la nani.

Wanaokuja kila siku bila ada ni kunguru. Nao hawazoi, wanatawanya. Jana wamepita na kipande cha sabuni, kipya, hata povu hakijatoa. Kunguru anaoga wapi?