Tarakimu 48 za Kufungua Kompyuta Yangu Mwenyewe
Jumatatu asubuhi, hapa Kondele, Kisumu, kompyuta yangu iliyojisasisha usiku iliniamkia na skrini ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48, yaani makundi manane ya tarakimu sita sita, kana kwamba mimi ndiye mwizi. Ufunguo wenyewe, nikaelezwa, umehifadhiwa katika akaunti yangu ya mtandaoni, nayo akaunti hiyo ikataka msimbo uliotumwa kwa laini ya simu niliyoacha kuitumia zamani na ambayo pengine sasa ni ya mtu mwingine. Fundi alinishauri nifute kila kitu nianze upya, ushauri mwepesi kwa asiye na hesabu za duka za miaka mitatu humo ndani. Ati kwa nini sikuziandika tarakimu hizo mapema? Nani aliwahi kuniambia kwamba zipo?