Mafundi mitambo wa Tanga, kaeni kikao

Ndugu zangu wa nyumbani wakisikia kwamba huku Ohio, Marekani, redio inaweza kumaliza mwaka bila kukatika, jibu lao huwa moja: wenzetu wana vifaa. Vifaa wanavyo, sibishi. Na umeme wao hauchezi kama wetu, hilo nalo linasaidia sana. Lakini nimeingia kwenye vibanda vya transmita, ile mitambo ya kurushia matangazo, hapa Columbus na pembezoni mwake ambavyo mtu wa Tanga angeona aibu kumwonyesha mgeni. Panya wamezaliana chini ya kabati, nyaya hazina alama, mtambo wa akiba una umri kumzidi anayeuhudumia. Kinachonishangaza mpaka leo ni kingine. Wahandisi wa vituo vinavyogombania matangazo ya wateja walewale hukutana kila mwezi, wakaketi meza moja, wakaambiana nini kimeharibika na kwa nini.

Tanga hilo hatuna, na mimi naona hasara yake inazidi hasara ya kukosa spea.

Chama chao kinaitwa Society of Broadcast Engineers, kwa kifupi SBE. Kilizaliwa 1964. Mwaka mmoja kabla yake, vyama viwili vikubwa vya wahandisi wa umeme na redio vilikuwa vimeungana kuwa IEEE, na John Battison, mhariri wa jarida la fani ya utangazaji, alikuwa akihimiza kwamba mtu wa kituoni, yule anayeamshwa saa nane za usiku mtambo ukizima, apate chama chake mwenyewe. Mkutano wa kwanza ulifanyika Chicago na yeye akawa rais wa kwanza. Makao makuu leo yako Indianapolis, ila ukitaka kukiona chama chenyewe nenda kwenye tawi la mji wowote.

Kikao cha tawi hakina mbwembwe. Ni mchana wa siku ya kazi, chumba cha nyuma cha kituo fulani, mikate na soda, na mara nyingi mtu wa kampuni amekuja kuonyesha kifaa kipya anachotaka kuuza. Si lazima uwe mwanachama ndipo uingie. Sehemu ya muuzaji mimi huwa naivumilia tu. Utamu unaanza akishafunga begi lake.

Kuna kikao ambacho mhandisi mmoja mtu mzima alitoa mfukoni kipande cha shaba kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani. Ni kile kipini cha ndani kinachounganisha kebo mbili kubwa za antena. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, upande wa pili umeungua umekuwa mweusi na kuliwa mpaka umebaki nusu. Akaeleza: aliyefunga konekta hakukisukuma kikafika mwisho. Mchana shaba inatanuka, usiku inasinyaa, na kila siku kipini kinalegea kidogo, kinashika moto, kinazidi kulegea. Kwenye daftari la vipimo nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ilikuwa imepanda taratibu kwa wiki nyingi, kiasi ambacho ukitazama siku moja tu huoni kitu. Mhandisi wa kituo pinzani aliyeketi mbele yake akauliza jina la mkandarasi. Akatajiwa. Akasema, basi na changu alikifunga huyohuyo. Kabla wiki haijaisha akawa amepandisha mtu mnarani, na kweli kipini kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.

Hakuna aliyelipwa kwa maelezo yale. Hakuna meneja aliyeyaombea kibali. Kituo kimoja kiliungua, cha pili kikapona kwa sababu watu wawili walikula mkate pamoja.

Sasa njoo kwetu. Kabla sijaondoka nilikuwa msaidizi wa mitambo kwenye redio moja pale mjini, jina lake nalihifadhi. Fundi mkuu tulimwita Ami, watu wote, hata mkurugenzi. Shule yake haikufika mbali, lakini alikuwa akiweka kiganja kwenye mlango wa kabati la transmita na kukwambia feni ya nyuma imeanza kuchoka, siku kadhaa kabla haijasimama. Mvua za masika zikikaribia alikuwa haoni usingizi mpaka akague ethi ya mnara, ile njia ya shaba inayopeleka radi ardhini. Ami alipostaafu aliondoka na vyote. Mchoro haukuwepo, kebo hazikuwa na alama, na mkurugenzi aliamini kwamba vijana tumeshajua.

Masika yaliyofuata radi ikapiga, moduli za transmita, vile vipande vya kukuza nguvu, zikaungua. Akaitwa fundi kutoka Dar, na ukweli alikuwa msomi. Alifika na basi la asubuhi, akabadilisha moduli, akasaini hati yake ya malipo, akawahi basi la jioni. Waja leo, waondoka leo, kama tunavyojisifu wenyewe, ila safari hii bila raha yoyote. Radi ya pili ikaja ikaunguza zile mpya. Tulipokuja kufukua tukakuta utepe wa shaba unaoshuka kutoka mnarani kwenda ardhini ulikwishakatwa na wezi, na mtu fulani alikuwa ameziba pengo kwa waya wa alumini uliokwishaliwa na kutu. Kinachoniuma si wezi. Kinachoniuma ni kwamba kituo kingine, hatua chache tu kwa baiskeli kutoka kwetu, kilikuwa kimeibiwa utepe wake msimu uliotangulia, na fundi wao aliligundua na kulirekebisha vizuri kabisa. Alikuwa anasali msikiti mmoja na sisi. Hatukumuuliza, naye angeanzia wapi kutuambia?

Ukitaka kujua kwa nini Tanga hasa inahitaji hili, fikiria chumvi. Hewa ya Raskazone na Chumbageni inakula chuma na alumini mwaka mzima. Na kutu kwenye mnara haiishii kwenye kuangusha boliti. Boliti iliyoshika kutu inaweza kuchanganya mawimbi ya vituo viwili na kuzaa la tatu. Tuseme jirani mmoja yuko megahezi 92 na mwingine 96: kutu kati yao inaweza kutoa kelele kwenye 88 na kwenye 100, na mwenye redio ya 100 atalaani transmita yake mpaka aifungue yote bila kuona kosa, maana kosa haliko kwake. Jambo hili fundi mmoja peke yake hawezi kulitatua. Linahitaji watatu wazime na kuwasha kwa zamu usiku mmoja, na kabla ya hapo wawe wanaaminiana.

Matawi ya SBE yana watu wa kujitolea wanaoratibu masafa. Leseni hutolewa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kama kwetu zinavyotolewa na TCRA. Lakini Jumamosi ya mechi kubwa ya mpira wa Kimarekani, uwanja wa chuo kikuu cha Ohio State ukijaa watu zaidi ya 100,000 na kila chombo kikaja na maikrofoni zake zisizo na waya, asubuhi ile FCC haipo getini. Yupo mratibu na orodha yake: wewe utatumia hili, wewe lile, wewe subiri mpaka mapumziko. Nenda uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na Simba au Yanga uone. Kila timu ya matangazo inafika, inawasha, na mwenye nguvu kubwa ndiye anayesikika. Tena sisi tuna mpaka. Hewa ya baharini ikitulia redio za Mombasa zinaingia Tanga kama ziko Ngamiani. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye mpango wa masafa ya FM uliopitishwa Geneva 1984, na kazi ya serikali kwa serikali waachiwe wenyewe, lakini ni nani anayeandika tarehe na saa ya kila mwingiliano ili siku moja awe na cha kupeleka? Ami alikuwa anaandika, nyuma ya kalenda ya ukutani. Kalenda ilipoisha mwaka ikatupwa.

Liko suala la karatasi, na hapa ndipo naona Wamarekani wametushinda kwa akili zaidi ya pesa. Zamani FCC ilikuwa na mtihani mgumu wa daraja la kwanza kwa wahudumu wa mitambo, na ukiwa nao huhitaji kujieleza. Miaka ya 1980 wakaufuta. SBE ilikwishaanza kutoa vyeti vyake tangu 1975, kwa hiyo pengo likapata wa kuliziba. Mtihani unaweza kuufanyia kwenye tawi lako. Uzoefu wa kazi unahesabika. Kila baada ya miaka mitano unahuisha cheti, na hata kuhudhuria vikao kunakuongezea alama, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalojaza viti kuliko ile mikate.

Kwetu tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi na tuna Taasisi ya Wahandisi Tanzania iliyoanzishwa 1975. Ni vyombo vizuri kwa mwenye digrii. Lakini anayepanda mnara Pangani, Lushoto au Handeni ni nani? Ni kijana wa kidato cha nne aliyejifunzia kwenye benchi la kutengenezea redio. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, nje ya darasa. Njia ya kufikiri hivyo tunayo tayari. Bila karatasi, kijana huyu mbele ya mkurugenzi anabaki kuwa fundi wa kuitwa moshi ukitoka, analipwa kutoka kwenye hela ndogo za ofisi pamoja na maji ya kunywa.

Msije mkadhani huku ni peponi. Vikao vyetu vimejaa mvi. Vijana wenye akili ya umeme wanakimbilia kampuni za kompyuta, na makampuni ya redio yamepunguza watu mpaka mhandisi mmoja anabeba vituo vingi, anakula ndani ya gari, analala na simu kifuani. Mwenzetu mmoja alilazwa, tawi likamtumia kadi. Kadi nzuri. Ami alipovunjika mguu, mafundi wa vituo vyote vya mjini walijaa hospitali ya Bombo kwa zamu, mmoja analeta uji, mwingine anakaa naye usiku, na transmita yetu ilihudumiwa na mtu wa redio pinzani bila kudai senti. Undugu ule huku hauuzwi popote. Kwa hiyo sisemi Tanga haina ushirikiano. Inao, tena wa damu, ila unaamka kwenye ugonjwa na msiba, mtambo ukipona unalala tena.

Ninachokiogopa ni namna tutakavyouanzisha. Nawajua watu wangu. Kikao cha kwanza tutachagua mwenyekiti, makamu, katibu, katibu mwenezi na mlezi. Cha pili ni rangi ya fulana. Cha tatu atafutwa mgeni rasmi, na posho yake itamaliza mfuko kabla ya mtu kuuliza nguvu inayorudi kutoka kwenye antena yake ni wati ngapi. Wagosi, tusifanye hivyo. Anzeni bila katiba. Jumamosi moja kwa mwezi, kibaraza chochote cha Ngamiani chenye kivuli na soketi. Daftari moja linalokaa kwa mtu mmoja: nani ana spea gani, mnara wa nani umepimwa ethi lini, mwingiliano ulisikika wapi na saa ngapi. Mita ya kupimia ethi ni ghali kwa kituo kimoja kidogo. Changeni mnunue moja, izunguke mpaka Korogwe na Muheza. Kikikua, pelekeni ombi la usajili. Grupu la WhatsApp mnalo, najua, nimo humo, na asubuhi hii lilikuwa na salamu za Ijumaa na video ya mbuzi.

Wenye vituo watasema mnatoa siri. Siri za redio ni bei ya matangazo na mshahara wa mtangazaji mnayemnyemelea. Kutu ya mnara haina siri, inaonekana barabarani.

Nilimpigia rafiki yangu wa zamani, sasa ndiye fundi mkuu pale tulipoanzia, nikamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja la Kitanga kabisa: "Kaka, chai nani analipa?" Nimemwambia ya kikao cha kwanza nalipa mimi, natuma kwa simu, na mihogo ya nazi juu. Ya pili alipe mkurugenzi ambaye kikao cha kwanza kitakuwa kimemwokolea moduli.